Habari za Bwana Fadhil na Gari Lililochemka Njia ya Mtangawanda

Naanza kwa jina la Mola aliyeumba moto na maji akavitenga mbalimbali, kisha akamwachia mwanadamu avikutanishe ndani ya injini ya gari, apate kuona mwenyewe matokeo yake. Njooni, enyi mliokaa mabarazani na enyi mliosimama, wenye kazi na wasio nazo, na wasio nazo ndio wengi. Sogezeni misala na vikombe vyenu mpate kusikia habari za Bwana Fadhil bin Jeilani wa Chundwa, simba wa usukani, mshika spana asiyejua namba zake, aliyesimama mbele ya gari lake siku mbili kamili asikimbie ila mara tatu. Wako waliosimulia vita vya masultani na majumbe, nao wana haki yao. Mimi nitasimulia jinsi maji yalivyotoka juu yakateremka chini, jambo ambalo kila mtaro hulifanya bila kusifiwa, lakini ambalo safari hii lilitikisa kisiwa kizima cha Pate. Au tuseme kweli, lilitikisa uwanja mmoja nyuma ya nyumba moja.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu iliyozaliwa kabla ya Ibtihal, binti wa pekee wa Fadhil, na Ibtihal wakati huo alikuwa mwalimu wa skuli mwenye miaka ishirini na saba. Watu wa Chundwa waliliita Birika, kwa sababu lilitoa mvuke puani na kuimba kabla ya kusimama, na kwa sababu kila liliposimama abiria walipata nafasi ya kutosha kunywa chai, kuswali, na wengine kupatana na mahasimu wao. Fadhil alilitumia kuchukua watu na mizigo kati ya Chundwa na Mtangawanda, pale bandarini zinapofika boti za kutoka Amu, mji wa Lamu. Kule kuchemka hakukuona kuwa ni ugonjwa. Alikuona ni tabia, kama kikohozi cha mzee, na dawa yake aliijua: mtungi wa maji na subira. Mtungi ulipokosekana, alitumia subira peke yake, tena subira ya abiria.

Angeendelea hivyo hadi kiyama kama si Bi Swafiya binti Mahmud.

Bi Swafiya alikuwa bibi wa Amu mjini, mwenye nyumba ya ghorofa na mlango wa nakshi, na mwenye mwana aitwaye Hussam, muuguzi, aliyempenda Ibtihal na aliyekuwa tayari kuhamia Chundwa kwa hoja kwamba wagonjwa wako kila mahali. Miezi miwili kabla ya vita hivi Bi Swafiya alikuja kumtazama mkwe mtarajiwa. Birika likamchukua kwa taadhima kutoka Mtangawanda, likapita Siyu likiimba, kisha likasimama katika uwanda mtupu usio na kivuli ila cha gari lenyewe, nacho kilikuwa cha moto. Bibi yule mtukufu akamaliza safari juu ya punda aliyekuwa ameshinda akibeba mawe ya kujengea. Alifika na kiatu kimoja. Akanywa kahawa, akala halua, akamsifu Ibtihal kwa haki, na alipoinuka kuaga akasema maneno ambayo Fadhil aliyakariri tangu siku hiyo kama mtoto wa chuo cha Kurani akaririvyo ubao.

"Mimi sikatai mtoto, Bwana Fadhil. Nakataa ndia. Mwanangu akiugua huku, au mimi nikiugua kule, tutaonana akhera. Nitakuya mara moya tena. Nikifika kama watu wafikavyo, na wakae Chundwa. Nisipofika, binti yako atakuya Amu, akae nami."

Sasa siku ya pili ya kuja kwake ilikuwa imewekwa: Alhamisi. Na habari hizi zinaanza Jumanne.

Hakuna aliyemuuliza Fadhil moyo wake ulikuwaje, naye hakumwambia mtu. Ibtihal ndiye aliyekuwa akikaa naye barazani baada ya alasiri, akimsahihisha kila alipozidisha chumvi katika hadithi, na bila yeye hadithi za Fadhil zingekosa kiasi na baraza ingekosa mtu. Mwanamume mwingine angelia kidogo. Fadhil, kwa kuwa alikuwa shujaa, alikwenda kufungua boneti, tendo ambalo kwa miaka kumi na moja hakuwa amelitenda ila kwa kumimina maji na, siku moja, kwa kupasha moto sambusa.

Na kabla hajaigusa injini, baraza la msikitini lilikwisha kutoa hukumu zake. Mmoja alisema hedi gasketi imekufa na kaburi lake liko Mombasa. Wa pili alisema ni kijicho. Wa tatu alisema heri likatwe vipande, vipande vifuliwe nanga, na angalau nanga hazichemki. Fadhil aliwasikiliza wote kwa adabu na akatoka hajui zaidi ya alivyoingia, jambo ambalo baraza lile hulifanya kwa kila mtu bila ubaguzi.

Basi alipofika uwanjani alijifunga kikoi, akapiga bismillahi, akalihutubia gari mbele ya mkewe, Bi Rahima, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Ewe Birika," akasema, "mimi na wewe tumekula pamoja njia hii miaka kumi na moja. Nimekupa mafuta, nimekupa magurudumu, nimekupa jina. Yeo nakuuliza kwa heshima: una nini?"

Gari likanyamaza. Bi Rahima akamwambia aliwashe labda litajibu.

Akaliwasha. Sindano ya geji ya joto ilianza kupanda taratibu, kama mgeni apandaye ngazi za nyumba asiyoijua, na kabla dakika kumi hazijatimia ilikuwa imelala kwenye nyekundu. Hapo Fadhil akalizima na kufanya jambo ambalo kila dereva hukatazwa siku ya kwanza: alikifungua kifuniko cha rejeta, lile tangi la kupozea maji, ingali moto, ili aone. Aliona. Maji yalipanda juu kwa kishindo hata kuku wakaruka ukuta, na Bwana Fadhil bin Jeilani, simba wa usukani, akaonekana jikoni kabla sauti haijafika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Alirudi baada ya nusu saa, maana mashujaa hurudi. Akaijaza rejeta, akalala chini ya gari kwenye mkeka akitafuta tone linalovuja, asilione hata moja. Akatoka na mkeka umemganda mgongoni. Basi haikuvuja. Akaujaribu mkanda wa feni kwa kidole, akaupigapiga kama uzi wa udi, nao ukajibu vizuri, haukulegea. Akaliwasha tena gari ili aone kama feni inazunguka, na akainama kuitazama vyema, na upepo wa feni ukaipenda ncha ya kikoi chake. Feni ilikuwa inazunguka. Juu ya hilo hapana shaka tena hadi leo. Ilikichukua kikoi chote kwa mkupuo mmoja, na Fadhil akavuka uwanja kwa kaptura, akimshukuru Mungu kwa kuwa mama yake alimlea kuvaa kitu ndani. Hiyo mara ya pili.

Mara ya tatu ilikuwa karibu na magharibi, na ndiyo iliyoleta elimu. Baada ya kuvaa suruali aliliacha gari lichemke, kisha, bila sababu yoyote ila kuchoka, akataka kuegemea. Kiganja chake kikatua juu ya mpira mnene utokao juu ya injini kwenda kwenye rejeta. Kilichomtoka si neno la kuandikwa. Alipokuwa akiruka, mkono wa pili ukashika mpira wa chini, ule urudishao maji kwenye injini, ili asianguke. Akaushika muda mrefu, kwa kuwa ulimpoza. Kisha akakimbilia kwa mkewe.

Bi Rahima alimpaka asali kiganjani na kumfunga kitambaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, hasa kwa kuwa mumewe aliyamaliza mengi. Akamuuliza ameunguzwa na nini. Fadhil akaeleza kwa kirefu, akiufananisha mpira ule na mkuki wa adui, na wa chini na mkono wa maiti.

"Wa juu wamoto," Bi Rahima akasema, "na wa tini baridi?"

"Baridi kama kisima."

"Basi maji yamefika mlangoni na mlango umefungwa. Unailaumu nini rejeta, na yenyewe haina pa kutolea maji?"

Fadhil akasimama, mkono wake mzima juu, akatangaza kwa sauti iliyowafikia majirani kwamba yeye, Fadhil bin Jeilani, baada ya kutafakari kwa kina, amegundua kuwa ugonjwa hauko kwenye rejeta, wala kwenye feni, wala Mombasa; uko kwenye mlango wa maji, kile kifuniko kidogo chenye springi kiitwacho thamostati, ambacho injini ikipata moto hujifungua yenyewe ili maji yapite yakapozwe. Na kwamba alilihisi jambo hilo tangu asubuhi. Bi Rahima aliendelea na mchele wake.

Lakini kuujua mlango si kuufungua. Thamostati ilikaa ndani ya kijumba cha chuma kilichofungwa kwa bolti mbili, na bolti zote mbili zilikuwa zimeoana na kutu ndoa isiyo na talaka. Kisiwani mtu mmoja tu aliweza kuzitenganisha bila kuzikata: Hamdun, tabibu wa mashine za boti, aliyejulikana kuanzia Kizingitini mpaka Kiwayu. Na Hamdun na Fadhil hawakuwa wakisemezana mwaka mzima. Sababu yake ni kwamba Hamdun aliwahi kulibadilishia Birika oili, na Birika lilipozidi kuchemka Fadhil alilieleza baraza, na baraza likakieleza kisiwa, kwamba mkono wa Hamdun umezoea mashine za baharini na ndio uliolitia gari ugonjwa.

Asubuhi ya Jumatano shujaa wetu alipita mbele ya nyumba ya Hamdun mara nne akijifanya anakwenda mahali. Mara ya tano Hamdun alifungua mlango akamuuliza amepotelewa na nini. Walisimama hapo wakapeana salamu ndefu za watu wasiopendana, wakaulizana hali za watu ambao wote wawili walikutana nao jana, mpaka Fadhil akamaliza akiba yote ya adabu na ikabidi aseme shida yake. Hamdun akasikiliza. Akatoa hotuba yake kwamba mashine ya boti hainywi maji, inaogelea. Kwamba mashine ya gari ni mfungwa aliyenyimwa bahari. Na kwamba yeye hakushangaa. Kisha akachukua sanduku lake la vifaa akatangulia njiani, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Alhamisi anakuja Bi Swafiya, na Ibtihal alikuwa amewasomesha wanawe wote watatu.

Bolti ya kwanza ilichukua saa moja na mafuta ya taa. Ya pili ilichukua saa mbili, na majirani sita, ambao kazi yao ilikuwa kusema polepole. Hatimaye kijumba kikang'oka, na Hamdun akaingiza bisibisi akaitoa thamostati akaiweka kiganjani. Haikufanana na chuma. Ilikuwa imefunikwa na ukoko mweupe na wa kutu, imefunga mdomo, springi yake imezama ndani kama mfupa ndani ya jiwe. Hamdun aliizungusha. Aliikwaruza kwa ukucha. Kisha, mbele ya watu wote, akaugusa ukucha ule kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Gari hili limenyweshwa bahari."

Majirani, kwa mazoea ya mwaka mzima, wakageuza macho yao kumtazama Hamdun mwenyewe, mtu wa mashine za baharini. Hamdun aliinamisha uso akaanza kuipangusa bisibisi ambayo haikuwa chafu.

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo palipokuwa na hatari kuliko mvuke na feni. Fadhil alikuwa na njia pana mbele yake na haikumtaka hatua hata moja: angenyamaza tu. Gari lingepona vilevile. Lakini alikumbuka adhuhuri moja huko Mtangawanda, mwaka uliopita, rejeta tupu, kisima mbali, jua kali, na bahari iko hapo hapo gatini ikimtazama. Na yeye akashusha mtungi kwa kamba. Mara moja ile. Kisha ya pili, kwa kuwa ya kwanza haikuleta madhara siku hiyo. Alifungua kinywa, na hotuba zote alizozaliwa nazo zikamkimbia.

"Ni mimi," akasema. "Gatini. Niliona uvivu kwenda kisimani."

Ibtihal alikuwa amesimama mlangoni, amerudi kutoka skuli, na ndiye aliyeona baba yake akimtazama Hamdun machoni baada ya kusema, asitazame pembeni. Fadhil akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yale aliyoyasema barazani aliyasema bila haki, na kwamba atayarudisha barazani vilevile, mbele ya waliosikia.

Hamdun akaiacha bisibisi, akainua uso.

"Ningekwambia tangu mwaka jana," akasema mwishowe. "Hukuniuliza. Haya, tuletee sufuria."

Wakaitia thamostati katika sufuria ya Bi Rahima, sufuria ambayo haikurudi tena jikoni, wakaiwekea moto. Nzima ingefunguka maji yakianza kuchemka. Watu tisa waliizunguka sufuria ile kwa heshima ambayo hata pilau haijapata kufanyiwa. Maji yalitokota, yakaruka, yakapungua, na thamostati ikabaki imefunga mdomo kama shahidi aliyetishwa. Hamdun akasema innalillahi. Kwa kuwa mpya ilikuwa Mombasa, na Bi Swafiya alikuwa kesho, alikata shauri kijumba kifungwe bila kitu ndani. Katika joto la nti hii, alisema, mlango wa maji ukae wazi tu, hakuna atakayeona baridi.

Ikabaki gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya chuma na chuma, maana ya zamani ilikuwa imegeuka unga. Walijaribu boksi la majani ya chai, laini. Walijaribu jalada la daftari, likapasuka. Ndipo Ibtihal akaingia ndani akatoka na kadi nene ya harusi, sampuli iliyochapwa Amu, yenye jina lake na la Hussam kwa maandishi ya dhahabu na nafasi tupu ya tarehe. Mama yake akataka kumzuia. Ibtihal akasema kwamba kadi bila njia ni karatasi tu, akampa Hamdun mkasi. Hamdun akaikata kwa mduara, akaipaka grisi, akakaza bolti. Bi Rahima naye akaufungua mfuniko wa jabia, akiba ya maji ya mvua ambayo humnyima hata mgeni, akalimiminia gari. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama chai ya tangawizi. Ya pili ya manjano. Ya tatu yalitoka kama yalivyoingia.

Wakawasha. Fadhil na Hamdun waliketi kwenye kiti kimoja mbele wakiitazama sindano, bega kwa bega, dakika kumi, ishirini, arubaini. Sindano ilipanda mpaka chini kidogo ya katikati ikakaa hapo. Mwisho Hamdun akasema oili ile aliyoitia yeye ilikuwa nzuri. Fadhil akasema ndiyo, ilikuwa nzuri.

Alhamisi Bi Swafiya alishuka botini Mtangawanda, pamoja na Hussam, akiwa na viatu vya kutembelea, mwavuli na chupa mbili za maji. Amekuja kwa vita. Alipanda mbele bila kuuliza lolote. Hussam alikaa nyuma na mizigo, uso umemwiva. Birika likaondoka. Fadhil aliendesha kwa jicho moja njiani na moja kwenye geji. Wakapita Pate. Wakafika Siyu, na hapo mwenye punda wa siku ile alikuwa amesimama kando ya njia, punda ametandikwa tandiko jipya la heshima, akaanza kuwafuata kwa mwendo wa mtu mwenye yakini. Akafuata uwanda mzima. Pale pahala pa aibu, Bi Swafiya akashika mwavuli wake. Fadhil akashika usukani. Sindano haikushika chochote. Ilikaa palepale, na pahala pa aibu pakapita kama pahala pengine popote, na punda akabaki nyuma akiwa mdogo zaidi kila kioo kilipotazamwa.

Huko Chundwa majirani walikuwa wamejipanga na mitungi ya maji, na haifai kusema kwamba hawakuwa na matumaini. Gari lilifika likiwa kavu. Likazimwa. Halikuimba, halikutoa hata uzi wa mvuke. Mitungi ikarudishwa majumbani na maji yake, na wenye mitungi wakarudi nayo polepole, kama watu waliotoka mazishi ya mtu aliyefufuka.

Bi Swafiya alishuka. Alitengeneza buibui lake, akaitazama miguu yake yenye viatu viwili, akageuka akaitazama njia aliyotoka, akasema:

"Kumbe Chundwa ni hapa tu."

Fadhil alingoja. Alikuwa ameandaa jibu la robo saa, lenye thamostati, na chumvi, na kiganja chake kilichofungwa kitambaa, ambacho tangu asubuhi alikuwa akikiweka mahali pa kuonekana. Hakuulizwa. Bibi akaingia ndani akamkumbatia Ibtihal, kahawa ikaletwa, na kabla ya alasiri ikakubaliwa kwamba harusi itakuwa baada tu ya Maulidi na kwamba maharusi watakaa Chundwa. Gari halikutajwa na mtu yeyote. Ila Ibtihal, alipopita na sinia, aliinama sikioni mwa baba yake akamnong'oneza kwamba leo hadithi akiisimulia hatamsahihisha.

Fadhil hakuisimulia. Alitoka akaenda barazani msikitini, akawakuta watu wake, akasema aliyoahidi kusema juu ya Hamdun, akakaa. Ndiyo maana imenilazimu kuisimulia mimi.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na enyi msio na kalamu hifadhini vifuani. Waandikieni masultani ushindi wao wa mizinga. Kisha acheni mstari mmoja kwa Bwana Fadhil bin Jeilani, mfungua mlango wa maji, na mwandike kwa wino mzuri kwamba siku ya Alhamisi, kati ya Mtangawanda na Chundwa, mchana kweupe na mbele ya mashahidi wengi, halikutokea jambo lolote.